Hodi ya tarehe 31 Oktoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar es Salaam. Aliandika kwamba sisi wazazi Waswahili tuliohamia Marekani tumewatupa watoto kwenye sikukuu ya mashetani, yaani Halloween, na kwamba mzazi mwenye imani yake hufunga mlango na kuzima taa ikifika jioni ya tarehe 31 Oktoba. Barua ile niliisoma mara mbili. Sina ugomvi naye, maana anachokisema nilikifanya mwenyewe. Nilizima taa miaka miwili mfululizo.

Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa, Mlutheri tangu utotoni. Naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Nina watoto watatu: binti wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita na kitinda mimba wa miaka mitatu. Mtaani kwetu kuna Waliberia, Wahmong wenye asili ya Laos, Wakenya, Wakongo na Wazungu, na jioni hiyo watoto wao wote hutoka. Huvaa mavazi ya kuigiza, huzunguka nyumba hadi nyumba, hugonga mlango, na mwenye nyumba huwapa pipi. Desturi yenyewe inajulikana: taa ya barazani ikiwaka, karibu, ikizimwa, pita.

Mwaka wa pili wa kuzima taa, binti yangu alikuwa na miaka sita. Niliwashusha watoto chumba cha chini, kile tunachofulia nguo, nikafunga mlango, tukakaa juu ya kapu la nguo na mwanga wa simu yangu. Kengele ikalia. Tukasikia vicheko, kisha sauti ya rafiki yake wa darasani ikimwita kwa jina. Binti yangu alinishika mkono, akaninong'oneza: "Mama, tumemkosea nani?"

Sikuwa na jibu. Nimemlea mwenyewe na najua alikojifunza kwamba anayejificha ni mwenye kosa. Kesho yake shuleni alipoulizwa alikuwa wapi, alisema alikuwa na homa. Mtoto wa miaka sita alidanganya ili kuificha nyumba yake.

Baada ya hapo nilimpigia mama yangu Iringa. Baada ya shikamoo na habari za mashamba nikamweleza yote: mavazi, pipi, maboga yanayochongwa macho, watu wanaopamba ua kwa mafuvu na popo. Akaniuliza, "Na wakija kwako unawapokeaje?" Nikamwambia tunazima taa. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, mtoto wa mwenzio anapiga hodi, wewe unajificha? Nilikufundisha hayo?" Mambo ya mafuvu hakuyagusa kabisa. Kilichomuuma ni hodi isiyoitikiwa.

Tangu siku hiyo mlango wangu uko wazi, na watoto wanasherehekea nyumbani kwangu, kwa mpango wangu. Nazungumzia sherehe ya nyumbani hasa, kwa sababu naona wenzangu wengi wanadhani kuna njia mbili tu: kumwachia mtoto akaokote kila kinachouzwa madukani, au kumfungia.

Kuhusu asili ya siku yenyewe, mchungaji wetu alinisaidia. Jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huwa tarehe 1 Novemba, na ya pili yake ni siku ya Marehemu Wote, ambapo Wakatoliki wa kwetu huenda makaburini kung'oa majani na kuwasha mishumaa. Sisi Walutheri tarehe 31 Oktoba ni siku ya Matengenezo ya Kanisa, kwa sababu mwaka 1517 ndipo Martin Luther alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg, katika mkesha huohuo. Ni kweli pia kwamba Waayalandi wa kale walikuwa na sikukuu yao ya kufunga mavuno majira hayo, na wajukuu zao walichonga taa kwa tanipu, zao linalokaa ardhini kama kiazi. Walipohamia Marekani kwa wingi wakati wa njaa ya viazi ya miaka ya 1840, walikuta boga, kubwa zaidi na rahisi kuchonga. Boga ni zao la asili la bara hili la Amerika. Hata hili letu la Iringa lilivuka bahari kutoka huku. Nilipojua hilo nililitazama boga sokoni kama ndugu niliyemkuta ugenini.

Mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka kwangu kuna mji uitwao Anoka. Zamani usiku huu ulikuwa wa vijana kufanya utundu. Walipaka madirisha ya watu sabuni na kufungulia ng'ombe, asubuhi watu wakiamka wanawakuta wanazurura barabara kuu. Mwaka 1920 wakubwa wa mji walichoka. Wangeweza kuwafungia vijana ndani. Badala yake waliwaandalia maandamano, moto mkubwa wa kuota, na bisi, karanga na pipi za bure. Sherehe hiyo ipo hadi leo na Anoka hujiita makao makuu ya Halloween duniani. Nawaheshimu wazee wale. Walijua watoto watakuwa na usiku wao kwa vyovyote vile, wakaona heri wao ndio waupange.

Sasa nieleze yangu, kwa sababu nimejifunza kwa kukosea.

Mara ya kwanza niliwaalika watoto kumi na wanne. Nilipika kwa furaha ya kwetu, na katikati ya meza nikaweka sinia la kashata za karanga. Hazijapita dakika kumi, mama mmoja wa jirani akanivuta jikoni akaniuliza kwa upole kama kuna karanga. Mwanawe ana mzio; punje moja inaweza kumfunga koo asipumue. Sindano yake ya dharura ilikuwa ndani ya mkoba, akanionyesha. Nikageuka nikamwona mtoto mwenyewe, amevaa mbawa za nyuki, hatua mbili kutoka kwenye sinia, mkono umeshanyooka. Nilimnyanyua kwanza, sinia likafuata. Tulifuta meza kwa maji na sabuni, tukawanawisha watoto wote mikono, na kashata zikaenda kwenye gari.

Kwetu karanga ndiyo humpa nguvu mtoto aliyedhoofu. Sikuwahi kufikiri kwamba chakula hichohicho kinaweza kumuua mwingine. Siku hizi ninapomwalika mtoto, swali la kwanza kwa mzazi wake ni: kuna chakula gani asichoweza kula? Na nimejifunza kwamba hapa, tangu kampeni iliyoanza kitaifa mwaka 2014, nyumba inayoweka barazani boga lililopakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani inawaambia wazazi kwamba ina zawadi zisizoliwa. Nami nalipaka la kwangu. Ndani ya kikapu naweka penseli, vibandiko na mipira midogo kwa wale wakubwa. Kwa kitinda mimba na rika lake siweki chochote kidogo kinachoweza kukwama kooni: hakuna pipi ngumu, hakuna bisi, na zabibu nazikata vipande vinne kwa urefu.

Sheria ya nyumba yangu juu ya mapambo na mavazi ni fupi: hakuna damu, hakuna mifupa, hakuna pembe za shetani. Ninaweza kuiweka kwa sababu sherehe iko chini ya paa langu. Barabarani nisingeweza. Mavazi hatununui. Khanga moja ni joho la malkia leo na mbawa za kipepeo kesho. Mwanangu mwaka jana alikuwa fisi: sweta la kahawia, madoa ya kalamu nyeusi, masikio ya boksi. Barakoa za plastiki nilizipiga marufuku baada ya mtoto mmoja kukosa ngazi kwa sababu matundu ya macho yalikuwa yamehama. Sasa tunapaka uso rangi za watoto zinazotoka kwa maji. Binti yangu alinijia na sare yangu ya kazi, mikono ameikunja mara nne, beji yangu kifuani. Nikamuuliza, "Wewe ni nani leo?" Akasema, "Mimi ni wewe, mama." Nililazimika kuingia jikoni kidogo.

Sherehe naianza saa kumi alasiri na kuimaliza saa kumi na mbili na nusu. Mwisho wa Oktoba jua la hapa linazama kama saa kumi na mbili, kwa hiyo watoto wanafika kweupe na giza linawakuta ndani, pale ninapolihitaji.

Tunaanza na maboga, kwa kuwa ni kazi yenye uchafu na watoto bado wana nguvu. Natandika magazeti sakafuni. Kisu nashika mimi peke yangu. Silikati boga juu kama wengi wanavyofanya. Nalitoboa kitako, ili baadaye likae juu ya taa kama chungu kilichofunika. Watoto wanachokoa kwa vijiko na mikono, na hapo ndipo utasikia kelele, kwa sababu ndani ya boga kuna utelezi wa baridi na nyuzinyuzi zinazong'ang'ania vidole. Wakubwa wanachora uso kwa kalamu, mimi nafuatisha kwa kisu. Wadogo wanapaka rangi tu. Mshumaa wa moto siutumii. Pembeni kuna watoto wenye khanga zinazoning'inia. Natumia taa ndogo za betri.

Mbegu hatutupi hata moja. Tunaziosha, tunazikausha kwa kitambaa, chumvi kidogo na mafuta, kisha oveni yenye joto la sentigredi 175 kwa dakika ishirini hivi, tukizigeuza mara moja. Zikianza kupasuka nyumba nzima inanukia. Nyama ya maboga makubwa ya kuchonga ina maji mengi na haina ladha, lakini yale madogo ya mviringo, yanayouzwa kwa ajili ya kupikia, nayapika kwa tui la nazi, sukari na iliki. Watoto wa Kizungu waliokuwa hawajawahi kujua boga kama chakula walirudi na bakuli mara ya pili. Naumia kila Novemba kuona maboga mazima yakioza kwenye ngazi za nyumba za watu.

Mchezo unaopendwa kuliko yote ni wa maandazi. Watu wa hapa huwa na mchezo wa kuzamisha kichwa kwenye beseni la maji na kung'ata tufaha linaloelea. Mimi siupendi, watoto kumi kupokezana maji ya mdomoni ni kuwagawia mafua. Nakanda maandazi usiku wa kuamkia siku hiyo, nayatoboa katikati yakiwa bado mabichi, na yakishapoa nayafunga kwa uzi kwenye fimbo ndefu ya ufagio. Watu wazima wawili wanaishika fimbo. Watoto wanasimama mstari, mikono nyuma, kila mmoja mbele ya andazi lake, na atakayemaliza bila kugusa kwa mkono ndiye mshindi. Andazi nalipaka asali kidogo ili ligome. Linaning'inia, linagonga pua, linakimbilia shavuni, mtoto analifuata kama mbuzi anayefuata jani. Mvulana mmoja wa Kikongo, mwenye aibu, ambaye tangu afike alikuwa amejibana kwa dada yake, alilala chali sakafuni na kulisubiri andazi limshukie mdomoni. Wote wakaacha kula wakamshangilia. Hakurudi tena ukutani.

Kuna mchezo mwingine maarufu wa kumviringisha mwenzako karatasi za chooni awe kama maiti ya Kimisri. Neno maiti sikulitaka. Tulibadilisha, tukamfanya awe mtu wa theluji, na skafu shingoni. Karatasi ni zilezile na kicheko ni kilekile.

Halafu nazima taa. Safari hii nazizima mimi kwa hiari yangu, na watoto wamenizunguka kwenye mkeka. Maboga yanawaka pembeni. Nasema, "Paukwa!" Wangu wanaitikia, "Pakawa!" Mara ya pili wanaitikia wote, hata wasiojua neno lingine la Kiswahili. Kisha nawasimulia ya yule binti aliyesahau kombe lake la baharini ufukweni, akarudi peke yake, zimwi likamkamata likamtia ndani ya ngoma na kwenda naye kijiji hadi kijiji akiimba kwa ajili ya chakula chake. Nasimulia kwa Kiswahili, binti yangu anatafsiri. Pale ngoma inapoimba, nashusha sauti kabisa. Kitinda mimba wangu huwa ameng'ang'ania kitenge changu kwa mikono miwili, macho hayapepesi, lakini ukimuuliza kama tuache anatikisa kichwa. Anataka kuogopa akiwa amenishika. Na mama wa binti anapoitambua sauti ya mwanawe ndani ya ngoma, huwa nasikia watoto wakishusha pumzi wote kwa pamoja.

Bibi yangu alinitisha na zimwi hilohilo jikoni kwake, moto ukizimika. Hakuna aliyemwambia kwamba ananikabidhi kwa shetani.

Ndugu yangu wa Dar es Salaam ametaja pia pipi za sumu. Hofu hiyo naifahamu. Kila Oktoba napokea sauti za WhatsApp za kunionya. Profesa Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia habari hizo kwa miaka mingi, akirudi nyuma hadi mwaka 1958, na hajapata kisa kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa au kuumizwa vibaya na pipi yenye sumu aliyopewa na mtu baki alipokuwa akizunguka nyumba za watu. Kinachonitisha mimi ni magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la tiba ya watoto la JAMA Pediatrics, uliopitia ajali za Marekani za miaka 42, ulionyesha kwamba jioni hiyo hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa hupanda kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu yake. Mtoto mwenye vazi jeusi, gizani, mbio kuvuka barabara. Mtoto aliye sebuleni kwangu akipigana na andazi yuko salama na hilo.

Tena kuna baridi. Mzee mmoja ninayemhudumia kazini hunisimulia Halloween ya mwaka 1991, theluji ilipoanza kudondoka watoto wakiwa njiani. Ilidondoka hadi tarehe 3 Novemba, Minneapolis ikapata zaidi ya inchi 28, karibu sentimita 72. Anakumbuka watoto wake wamevaa makoti makubwa juu ya mavazi yao, hakuna aliyejua nani ni nani.

Gharama yangu mwaka jana ilikuwa dola 62: maboga manne, unga, sukari, matunda, penseli na vibandiko. Wazazi wawili walileta juisi.

Jirani yangu mmoja, dada wa Mombasa, Mwislamu, aliniambia waziwazi kwamba wanawe hawataingia kwenye sherehe yoyote yenye jina hilo. Sikubishana naye. Dini ni yake na watoto ni wake. Lakini hakujificha. Alinijibu mlangoni, akanikaribisha ndani, tukanywa chai. Wiki iliyofuata wanawe walikuja kwangu kukaanga mbegu za maboga na kusikiliza hadithi ileile. Mzazi anayekataa hivyo namheshimu kabisa. Naomba tu mtoto aambiwe sababu akitazamwa usoni, na akae kwenye mwanga, asikalishwe gizani juu ya kapu la nguo kama mimi nilivyowakalisha wangu.

Nina ombi kwako, Mhariri, na kwa wasomaji. Hadithi za zimwi ninazozikumbuka vizuri ni tatu, na watoto wameshazijua zote; mwaka jana mwanangu alikuwa akinisahihisha. Najua Tanga wana zao, Pemba wana zao, Songea, Bukoba na Kigoma vilevile. Wenye kuzikumbuka kama walivyosimuliwa na bibi zao, pamoja na nyimbo zake, naomba waziandike katika ukurasa huu kabla ya mwisho wa Oktoba. Nitazikata na kuzitunza.

Msomaji wako,
Mama wa watatu,
Brooklyn Park, Minnesota